Sura ya Saba: Magari Yaliyolala Molo

Katika gemu ya Need for Speed Payback, iliyotoka Novemba 2017, kuna Nissan Fairlady 240ZG ya 1971 ambayo pesa zako zote za kwenye gemu haziwezi kukununulia dukani. Lazima uitafute. Kwanza unapata chasisi, mifupa mitupu iliyolala mahali pasipofika barabara. Ukishaichukua unaanza kupewa vidokezo vya sehemu nne zilizobaki, vipande vya ramani ambavyo havikuambii lolote mpaka uvilinganishe na mpindo wa mto, daraja au njia panda unayoijua. Hapo ndipo unapoacha kushindana. Hakuna saa inayokukimbiza wala mpinzani kwenye kioo. Unaendesha polepole, unaacha lami, unapanda kilima, unachungulia nyuma ya nyumba, unarudi ulikotoka. Mtu aliyeketi kando yako akiuliza unafanya nini, jibu la kweli ni kwamba unatafuta gari kuukuu.

Payback ilificha magari kadhaa ya namna hiyo: Ford Mustang ya 1965, Chevrolet Bel Air ya 1955, pikapu ya Chevrolet C10, Volkswagen Beetle ya 1963. Mmarekani akiyatazama anaona ujana wa babu yake. Mchezaji wa Nakuru, Njoro au Molo nchini Kenya anaweza kuyapita hayo ya Kimarekani bila kugeuza shingo, kisha akasimama mbele ya mawili. Beetle ndiyo iliyompa Vic Preston ushindi wa mbio za magari za Safari mwaka wa 1954, mashindano yakiwa na mwaka mmoja tu tangu yaanzishwe kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Nayo Datsun 240Z, ndugu wa pua fupi wa ile ya kwenye gemu, ilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller, huku Shekhar Mehta akifuata wa pili katika 240Z nyingine. Mwaka wa 1973 ikawa zamu ya Mehta. Alimaliza sawa kwa alama na Harry Källström, lakini Mehta akapewa ushindi kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuangukiwa na adhabu ya kwanza. Kwa hiyo kijana wa Molo anayehangaika usiku kucha kufungua Datsun katika jangwa la kubuniwa la Marekani anatafuta gari ambalo lilipata jina lake katika nchi yake mwenyewe.

Mtindo huu wa kuficha magari ulipata umbo lake bora katika Forza Horizon ya kwanza, mwaka wa 2012. Unaendesha zako katika Colorado, mara unaletewa fununu kwamba kuna gari la zamani limeachwa ghalani mahali fulani. Ramani inachora duara, nalo duara ni kubwa. Ndani yake kuna msitu, mashamba, vijia vya ng'ombe, na ghala moja la mbao lililoinama. Ukilipata, mlango unafunguliwa, mwanga unaingia, na chini ya vumbi kuna umbo ambalo macho yanachukua muda kulitambua. Huondoki nalo siku hiyo. Fundi analichukua, unaendelea na mashindano yako, na baada ya muda unaitwa kuja kulichukua likiwa linang'aa.

Naamini waliobuni jambo hili walifahamu kitu ambacho wauzaji wa magari hawakijui. Gari lenye thamani ya shilingi milioni kumi likiwa dukani ni bei tu. Gari lilelile likiwa fununu linakuwa hadithi, nawe umo ndani yake. Ndiyo maana mchezaji anaweza kumiliki magari mia tatu kwenye gereji yake asikumbuke alivyopata hata moja, ila lile la ghalani atakueleza hadi leo alilipata nyuma ya kilima gani.

Gemu hizi zilipoendelea kuhama nchi, zilijifunza kuchagua vilivyomo ghalani. Forza Horizon 4 ya 2018 ilipokwenda Uingereza, ndani ya maghala ya mawe mlikuwa na Bentley ya 1931 na Jaguar D-Type, aina iliyoshinda Le Mans mara tatu mfululizo kuanzia 1955. Forza Horizon 5 ya 2021 ilipokwenda Meksiko, mojawapo ya magari ya kufukuliwa lilikuwa Beetle, kwa sababu Wameksiko waliiendesha Beetle kama teksi na kama gari la familia kwa vizazi. Hiyo ni kazi iliyofanywa kwa heshima. Ghala la kweli hufuga gari ambalo ardhi ile ingelifuga. Ukiweka Ferrari kila mahali umefanya dunia nzima kuwa duka moja.

Basi tuulize: duara likichorwa kuzunguka Molo, ndani yake mngekuwa na nini?

Kwanza, maghala yapo, na yana sababu yake. Molo iko juu, takriban mita 2,500, baridi na ukungu, udongo mweusi wa viazi na malisho ya kondoo. Wazungu walowezi walifungua hapa mashamba makubwa ya pareto, maziwa na sufu, na reli iliyotoka Nakuru kwenda magharibi ikapita mjini. Shamba la pareto lilihitaji banda la kukaushia maua. La maziwa lilihitaji banda la kukamulia, na kila shamba lilikuwa na stoo ya matrekta. Baada ya uhuru mashamba mengi yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za ununuzi wa ardhi, yakakatwa kuwa vipande vya ekari chache. Nyumba kubwa ikawa ya huyu, kisima cha yule, na stoo ikaangukia kwenye kipande cha mtu ambaye hakuwa na trekta. Ndiyo maana hadi leo, ukitoka mjini kuelekea Turi, Elburgon au Keringet, unaweza kukuta jengo refu la mabati yenye kutu katikati ya viazi, kubwa kupita nyumba ya mwenye shamba.

Pili, magari yalipita huku. Safari ya zamani haikuwa ile ya kuzunguka Naivasha kwa siku chache tunayoiona tangu 2021. Ilikuwa kama kilomita 5,000 za barabara za wazi, wakati wa Pasaka, mvua ndefu ikiwa imeshika, na nyanda za juu za Mau zilikuwa sehemu ambazo dereva alizipanga kichwani wiki nzima kabla. Hata kabla ya hapo bonde hili lilijua mbio: mwanzoni mwa miaka ya 1950, Langalanga karibu na Gilgil palikuwa na mashindano ya magari kwenye barabara za kambi ya zamani ya jeshi.

Tena washindani wa miongo ile ya mwanzo walikuwa wengi wao watu wa hapahapa: wakulima, makanika, wenye maduka ya spea. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, upande wa pili wa Mau ukitoka Molo, na kazi yake ilikuwa umakanika kabla jina lake halijajulikana. Aliposhinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, Volvo PV544 aliyoiendesha ilikuwa imeshatumika. Aliinunua mitumba, kama mtu yeyote anavyonunua gari Nakuru. Alishinda tena 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer, mwelekezi wake akiwa David Doig.

Sasa watafutaji wengi huanza kwa kuuliza washindi wako wapi. Hilo halichukui muda. Magari mengi ya timu za viwanda yalirudi kwao. Datsun 240Z ya Herrmann ya 1971, yenye plati za Kijapani, iko Zama nchini Japani katika hifadhi ya Nissan, imerekebishwa na kutunzwa. Hutaipata Molo hata ukifungua kila stoo kutoka Mau Summit hadi Njoro.

Lakini hebu tazama upande wa pili wa matokeo. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Watafutaji wengi humfuata Nowicki. Mimi nakuomba uwafikirie wale wengine. Katika miaka hiyo miwili pekee, magari 163 yalianza na hayakufika mwisho. Yalikwama kwenye tope, yalipasuka sampu, yalibebwa na mito, yalivutwa na trekta ya shamba la jirani hadi kwenye stoo yenye paa. Mengi yalitengenezwa yakarudi kazini wiki ileile, kwa sababu gari la mashindano la mkulima lilikuwa pia gari la kupeleka maziwa stesheni. Yakachakaa kama gari lolote linavyochakaa. Yalipofika mwisho, hakuna aliyeandika popote kwamba hii Peugeot inayokaliwa na kuku iliwahi kupanda jukwaa Nairobi kwa mbwembwe, namba ya mashindano ikiwa mlangoni.

Kwa hiyo anayetafuta Molo anatafuta walioshindwa. Hapo ndipo utajiri ulipo, na hapo ndipo panapohitaji jicho.

Chukua Datsun 1600 SSS, ile ya milango minne yenye umbo la sanduku ambayo Herrmann alishinda nayo 1970. Kwa nje haitofautiani na zile zilizobeba walimu na makarani wa Nakuru miaka yote ya sabini. Usianze na rangi; rangi imebadilishwa mara nne. Fungua boneti kwanza. Namba ya chasisi ya Datsun za enzi hiyo imepigwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na herufi zinazotangulia tarakimu zinakueleza ni aina gani. Iandike yote kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha piga magoti. Chini ya injini tafuta matundu ya boliti ambayo hayana kazi tena. Yalishikilia bamba nene la kukinga sampu dhidi ya mawe. Pitisha kidole kwenye viungio vya bodi ndani ya nafasi za tairi za mbele. Kiwandani viungio hivyo viliunganishwa kwa nukta nukta za weldi. Gari la Safari lilichomelewa upya mstari mzima, kwa kuwa bila hivyo bodi ilifunguka kabla ya nusu ya safari, na kidole kinausikia mstari ule hata chini ya kutu ya nusu karne.

Nenda nyuma. Kwenye mfuniko wa buti au juu ya bampa tafuta alama za vishikio na vikanyagio. Mwelekezi wa Safari hakukaa tu akisoma ramani. Gari likikwama topeni alitoka, akasimama juu ya bampa ya nyuma, akashika kishikio, akarukaruka ili uzito wake uzipe tairi nguvu ya kuuma ardhi, gari likaondoka naye akiwa ameng'ang'ania huko nje. Sijui mchezo mwingine uliomtaka mtu mwenye kalamu mkononi awe jasiri kiasi hicho. Halafu ingia ndani, upande wa kushoto mbele ya kiti cha abiria, ukaangalie dashibodi. Matundu mawili matatu yaliyozibwa kwa plasta au kufunikwa kwa kipande cha kapeti huenda ndipo kilipokaa kifaa cha Halda cha kupimia umbali. Gari la mwalimu halikuwa na haja ya Halda.

Peugeot 404 na 504 zinataka subira zaidi, maana zilikuwa nyingi na zilitumikishwa. Pijo za abiria ndizo zilizounganisha Nakuru na Nairobi, Nakuru na Eldoret, zikiwa zimebeba watu na mizigo mpaka springi zikageuka upande wa pili. Pijo iliyokwenda mashindano ikaishia kuwa teksi imepoteza alama zake nyingi. Bado weldi haidanganyi.

Sasa nifike mahali ambapo gemu na Molo zinaachana, na ambapo naona gemu zimekwepa jambo kubwa. Ghala la Forza halina mwenyewe. Unafungua mlango, gari ni lako. Hakuna anayetoka nyumbani kukuuliza unatafuta nini. Hakuna mbwa. Hakuna aliyewahi kuliendesha, hakuna aliyelizika chini ya magunia kwa sababu alishindwa kulitazama.

Molo haina stoo ya namna hiyo. Mji huu na vijiji vyake vilichomwa katika machafuko ya 1992, vikaguswa tena na yale yaliyofuata uchaguzi wa 1997, na mwishoni mwa 2007 kuingia 2008 watu walikimbia tena usiku wakiwa na walichoweza kubeba. Gari bovu haliwezi kubebwa. Liliachwa kwa jirani, au likaachwa tu, na aliyerudi alikuta kipande chake kikilimwa na mtu mwingine, ama hakurudi kabisa. Ukiona Datsun chini ya mti huko Kuresoi, kabla hujahesabu matundu ya sampu, fahamu kwamba huenda unatazama siku mbaya kuliko zote katika maisha ya familia fulani. Picha ya gari hilo ukiirusha mtandaoni pamoja na jina la kijiji umewafanyia watu ubaya, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Kwa sababu hiyo njia ya kulifungua gari la Molo huanzia langoni. Bisha hodi. Salimia ukae. Kama ni mzee, mwite mzee. Kama ni mama, mwite mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza ukishalijua. Jitambulishe wewe ni nani na unatoka wapi, maana utaulizwa tu. Usitaje bei siku ya kwanza. Uliza juu ya aliyeliendesha. Mara nyingi zaidi ya unavyodhani, bahasha ya picha itatolewa chumbani, na picha hizo zinathibitisha zaidi ya namba yoyote ya chasisi: gari likiwa na taa kubwa mbele, watu wawili wamejaa vumbi, namba mlangoni.

Halafu karatasi. Logibuku ikiwa na jina la marehemu, hakuna uuzaji halali mpaka familia ipate mahakamani hati ya kusimamia mirathi yake, na hilo laweza kuchukua muda mrefu kuliko kulitengeneza gari lenyewe. Wako madalali watakaokuambia kuna njia ya mkato. Ikatae. Gari la historia lenye karatasi za kughushi limekwisha kuuawa. Hakuna mtu makini atakayelipokea kwenye maonyesho wala kwenye mashindano ya magari ya zamani.

Nasisitiza haya kwa sababu akiba yenyewe haiongezeki. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Mjapani akiharibu Datsun yake ya 1970 anaweza kuagiza nyingine kutoka Australia. Sisi tulizonazo ndizo tulizonazo. Kila moja inayokatwa kwa gesi na kupimwa kwa kilo kama chuma chakavu imeondoka moja kwa moja. Serikali ilipositisha biashara ya chuma chakavu kwa miezi michache mwaka wa 2022, ilikuwa ikilinda nyaya za umeme na reli, lakini nina hakika kuna mabodi ya Pijo yaliyopona miezi ile kwa bahati tu. Wanunuzi wakubwa wa magari haya sasa ni wale wanaojiandaa kwa East African Safari Classic, mashindano yaliyoanza 2003, Safari ikitimiza miaka 50. Yameokoa magari mengi. Yamepandisha pia bei, na bei ikipanda mjane wa Elburgon anastahili kujua anauza nini kabla hajapewa hela ya magunia matatu ya viazi.

Na hapa kijana wa pleistesheni ana nafasi kuliko anavyojua. Amekwisha kufunzwa kutazama. Anajua kwamba gari la maana haliko barabarani, anajua kusoma ramani kwa mpindo wa mto, anaitambua Beetle ya 1963 na 240Z kwa ukingo wa taa tu. Kenya anaijua pia kwenye kioo: Colin McRae Rally 2.0 ilikuwa na barabara za Kenya tangu 2000, na WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari ndani yake, mwaka uleule ambao Safari yenyewe ilikuwa irudi kwenye ubingwa wa dunia ikaahirishwa kwa ajili ya korona. Hivyo wachezaji walishindana Kenya miezi tisa kabla ya Sébastien Ogier kuja kushinda hapa Juni 2021. Gemu ya art of rally nayo ilitoa eneo la Kenya mwaka huohuo wa 2021, na hilo unaweza kulizunguka upendavyo bila saa, ukiokota kanda za muziki na herufi zilizofichwa. Inapendeza mno kuiendesha. Ila hakuna stoo.

Kama kuna mtengenezaji gemu Nakuru au Nairobi anayesoma sura hii, namwomba atujengee. Ramani ianze Mau Summit ishuke hadi Njoro. Mvua inyeshe alasiri, barabara ya udongo iwe na mtaro halisi wa kukunasa. Fununu isitoke redioni. Itoke kwa makanika wa jua kali ambaye atakuambia tu baada ya wewe kumsaidia kutoa giaboksi. Mchezaji afike kwenye boma, naye mwenye boma awe mama mwenye kumbukumbu, amuulize yeye ni mtoto wa nani, na jibu liwe na matokeo. Peugeot 404 iwe na kuku, na kuku watafutiwe pa kwenda kwanza. Urekebishaji uchukue muda, spea zitafutwe Kericho na Eldoret, karatasi zipite mahakamani. Na mama akikataa kuuza, awe amekataa: duara lifutike kwenye ramani ya mchezaji yule, lisirudi tena hata akianza gemu upya.